Baharia Aliyeandikwa Mpagazi

Watu wanaozungumzia mchango wa Tanganyika katika vita vya pili vya dunia hutaja askari wa miguu, hutaja katani, hutaja wapagazi, kisha hunyamaza. Nimeyasikia maneno hayo barazani, nimeyasoma gazetini, na mara moja niliyasikia yakifundishwa darasani, jambo lililonikera hata nikasimama na kutoka. Upungufu wake ni mkubwa. Nchi hii ina pwani, na pwani hiyo ilikuwa na walinzi wake. Walikuwapo watu wa Tanganyika waliotoka kila kulipokucha katika vyombo vidogo kuzoa mabomu yaliyotegwa majini, ili meli za mataifa ambayo hawakuyajua hata kwa majina zipite salama. Mmoja wao aliishi Tabora, mahali ambapo maji mengi kuliko yote mjini ni yale ya tangi la reli, nami nilimfahamu kwa miaka mingi. Naandika habari zake kwa sababu mkono uliozipotosha mara ya kwanza ulikuwa wangu.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala alikuwa wa ukoo gani. Hayo yamo katika daftari la kodi na yako sawasawa. Jina lake pia nitaliacha, kwani lilikwisha kusomwa hadharani vibaya mara za kutosha. Mjini aliitwa Baharia, na karibu wote waliomwita hivyo walikuwa wakimcheka.

Kazi yake ilikuwa ya taa. Alizisafisha taa za ishara za reli, akazijaza mafuta, akapunguza tambi, na kila jioni akazipandisha mahali pake. Aliifanya kazi hiyo kwa ukali ambao wenzake waliuona kuwa ni majivuno. Kioo chenye alama ya kidole alikirudisha kusafishwa upya, hata kama kidole chenyewe kilikuwa chake. Siku moja msimamizi alimwambia kwamba taa inayoonekana inatosha.

"Inaonekana na nani, bwana?" akauliza Baharia.

"Na dereva."

"Dereva mwenye macho mazuri, au dereva aliyechoka?"

Msimamizi akaenda zake. Nilikuwapo, kwani nilikwenda stesheni kupokea mifuko ya barua ya boma. Nilicheka pamoja na wengine, na baadaye nikajiuliza nilichokuwa nacheka ni nini.

Nyumba yake ilikuwa Ipuli, chumba kimoja na ua. Mlango wa mbele aliuita omo na wa uani akauita tezi, kama watu wa vyombo wanavyoita mbele na nyuma ya chombo, na mgeni aliyeingia kwa tezi bila kubisha hakukaribishwa kiti. Lakini lililowashangaza majirani lilikuwa namna yake ya kufagia. Alianza pembeni mwa ua na kwenda moja kwa moja hadi mwisho, akageuka, akarudi, na kila mstari aliupitisha juu ya theluthi ya mstari uliotangulia, hata ua mzima ukawa na michirizi iliyolingana kama mkeka. Mama mmoja wa jirani alimuuliza kwa nini anafagia mahali palipokwisha fagiwa.

"Shangazi, unajua kwa hakika kwamba pamefagiwa?"

"Nimekuona kwa macho yangu!"

"Hata sisi tulikuwa tukiona kwa macho yetu. Bomu halionekani. Ndiyo maana unarudia theluthi."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza jinsi bahari inavyosafishwa. Vyombo viwili huvuta waya wenye meno, bomu hukatwa kamba yake likaelea, kisha hupigwa risasi kutoka mbali. Njia ikisafishwa leo, kesho ni lazima isafishwe tena, kwa kuwa adui hatoi taarifa. Na meli zikipita, zinapita bila kusimama. Aliwahi kuniambia, bila uchungu wowote katika sauti, kwamba kwa muda wote aliokuwa huko hapakuwa na meli hata moja iliyojua jina la mtu aliyeifagilia njia. Wagiriki walipita, Wahindi walipita, watu wa nchi za barafu walipita. Wengine walipunga mkono. Yeye aliwajibu kwa bendera, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake chomboni, kusoma na kutoa ishara kwa bendera na kwa taa: njia ni salama, endeleeni.

Hapo pana jambo la ajabu kumhusu, nalo ndilo lililosababisha madhara yote. Alisoma bendera, lakini hakusoma barua. Angeweza kukaa kwenye benchi la stesheni akatafsiri shati, leso na kaniki zilizoanikwa kambani kana kwamba ni hati ya serikali, akasema, "Huyu anaomba msaada wa daktari," na watu wakaanguka kwa kicheko. Mbele ya karatasi yenye maandishi alikuwa kama mtoto. Alishika kofia mkononi na kungoja asomewe.

Mambo mengine yake hayakupatana. Hakujua kuogelea. Mvua kubwa ilimkosesha raha, akakaa ndani na milango yote miwili imefungwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini aliongea peke yake akiwa kazini, akajiamuru na kujiitikia. Hakupenda kutembelewa, na mtu akipita njiani bila kumsalimu alikumbuka kwa mwezi mzima. Alikuwa ameoa pwani. Mke alimwambia kwamba hawezi kuishi mahali ambapo upepo hauna chumvi, naye hakumlaumu. Alipokuwa akila aliweka mkono wa kushoto ukingoni mwa sinia, kulizuia lisiteleze, na sinia lilikuwa chini, juu ya ardhi ya Unyamwezi ambayo haijawahi kuyumba. Sijaona mtu aliyekula peke yake kwa namna ile.

Rafiki yake alikuwa mmoja tu, fundi cherehani Mzaramo mwenye kibanda Gongoni. Kama ni urafiki. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wakati wazee wetu walipoteremka pwani na pembe za ndovu wakapandisha nguo na shanga, na katika utani huo mtu hutukanwa mbele ya umati na hana ruhusa ya kukasirika. Fundi alimtukana kila siku isipokuwa Ijumaa.

"Mnyamwezi baharini!" alipaza sauti mara tu alipomwona anatokea. "Hebu niambie, mtani, hiyo meli uliipanda, au uliibeba kichwani?"

"Niliibeba. Na shangazi yako alikuwa amekaa juu yake analia njaa."

"Ukaibeba mpaka wapi?"

"Mpaka kwenu. Hakukuwa na mtu mwenye nguvu ya kunitua."

Kisha fundi alimsogezea kigoda, na wakakaa saa nzima bila kusemezana, mmoja anashona na mwingine anatazama barabara. Ni fundi huyo aliyemshonea, bila malipo, shati jeupe lenye kola pana ya buluu, kwa kufuata maelezo ya mdomo, baada ya kulifumua mara tatu.

Sasa nifike kwenye kosa.

Vita vilipokwisha tuliagizwa kuwaandikisha watu wote wa wilaya waliorudi kutoka vitani. Mimi nilikuwa karani wa boma. Niliweka meza barazani, na mstari wa watu ukafika hadi getini. Wengine walikuwa wametembea kutoka vijijini kwa siku mbili. Daftari lilikuwa na safu za jina, kijiji, kikosi na cheo. Waliolipanga daftari hilo walikuwa wakifikiria batalioni, na safu ya kikosi ilitosha nambari tu. Zamu ya Baharia ilipofika, fundi alikuwa hapo hapo barazani akiwapima matarishi wa boma sare mpya.

"Kikosi?" nikauliza.

"Majini."

"Nambari ya batalioni?"

"Hatukuwa na batalioni, Bwana Karani. Tulikuwa na chombo."

"Karatasi zako za kuachishwa ziko wapi?"

"Zilinyeshewa na mvua njiani. Zikawa uji."

Waliomsikia walianza kucheka, kwamba baharia karatasi zake zimeharibiwa na mvua ya bara. Fundi, ambaye hakuweza kuiachia nafasi kama hiyo ipite, alipaza sauti na pini mdomoni:

"Mwandike mpagazi wa meli, Bwana Karani! Mnyamwezi akifika pwani ana kazi gani nyingine?"

Mstari mzima uliangua kicheko. Baharia naye alicheka, kwa kuwa utani unamtaka acheke. Nami nilikuwa na kiu, na mstari haukuonyesha dalili ya kupungua, na tangu utotoni nilikuwa nimejua kwamba mtu wetu anayekwenda pwani huenda na mzigo. Nilikichukua kicheko chake kuwa ndiyo. Nikaandika: Mpagazi, bandarini. Aliitazama kalamu ikitembea, akaniona ninakausha wino, akasema, "Ahsante sana, Bwana Karani," akaenda zake ameridhika. Hakuna mtu aliyewahi kunishukuru kwa kosa kubwa kuliko hilo.

Alilijua siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, ilipofanywa mara ya kwanza katika uwanja wa boma. Askari wa zamani walipangwa kwa vikosi mbele ya jukwaa, tayari kupita kwa gwaride. Wapagazi walipewa mahali nyuma, bila gwaride. Baharia alifika na shati lake jeupe na kola ya buluu, viatu vinang'aa, akasimama pembeni mwa mstari wa mbele akingoja kuitwa. Majina yakasomwa. La kwake lilisomwa pamoja na ya wapagazi. Hakusogea. Likasomwa tena.

"Wewe!" akapiga kelele sajini mmoja wa zamani. "Nyuma! Unatuharibia mstari!"

Alitoka katika mstari, lakini hakwenda nyuma. Alikwenda kando ya uzio, akasimama huko peke yake, wima, hadi tarumbeta ya mwisho.

Nilimfuata baada ya watu kutawanyika. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, Bwana Karani." Akaitazama ardhi. "Sikatai kuwa mpagazi. Babu yangu alibeba pembe hadi pwani na akarudi mzima, na hiyo ni heshima yake. Lakini mimi sikubeba. Nataka nisimame mahali nilipokuwa. Basi."

Hakuomba kitu kingine chochote, siku hiyo wala baadaye. Si shamba, si bakshishi. Alitaka mahali pa kusimama siku moja kwa mwaka.

Nilijifariji kwamba kosa lilikuwa la fundi, nikaenda Gongoni kumwambia hivyo. Hakunyanyua macho hadi alipomaliza pindo.

"Mimi nilitania," akasema. "Kumtania ndiyo haki yangu kwake, na yeye kwangu. Nikifa atakuja kunichekea kaburini, na watoto wangu watampa kitu. Wewe uliandika. Hapa nani mwenye kalamu?"

Nilikasirika, kama mtu anavyokasirika akiambiwa kweli na asiye na cheo.

Nilimwendea Bwana Shauri, afisa Mwingereza aliyekuwa mkubwa wangu. Jibu lake lilikuwa fupi. Daftari limefungwa na nakala yake imekwisha kupelekwa makao makuu. Haliwezi kufunguliwa ila kwa mambo mawili: uthibitisho kutoka pwani, na hati ya karani aliyeandika, akikiri kwa sahihi yake kwamba aliandika kinyume cha maelezo aliyopewa. Hati hiyo ingewekwa katika jalada la karani.

Uthibitisho niliuomba na ukaja. Ulisema wazi kwamba mtu huyo alihudumu katika chombo cha kuzoa mabomu, akiwa mtoaji ishara, kwa bidii isiyo na doa. Hati ya pili ilinihusu mimi. Wakati huo nilikuwa natazamia kupandishwa cheo kuwa karani mkuu, nami nikajiambia kwamba mwaka mmoja si kitu, nitaiandika nikishapanda. Mwaka mmoja ukawa mitatu. Mara tatu nilikaa jukwaani na daftari magotini, nikamwona kando ya uzio na kola yake ya buluu. Watu walikwisha kuzoea kumwona pale, wakaonyeshana kwa vidole kama wanavyoonyeshana mnara. Barua yenye haki yake ilikuwa katika mtoto wa meza yangu, nami ndiye niliyeshika ufunguo. Nimewalaumu wengi katika maisha yangu kwa uzembe, na sikuwa na ruhusa hiyo.

Mwaka wa tatu kola ilikuwa imepauka. Jambo hilo dogo lilinishinda. Nilirudi ofisini siku hiyo hiyo, nikaandika hati ya kukiri kwa nakala tatu, nikatia sahihi. Nilipewa karipio la maandishi, na cheo alipewa mwingine. Karipio hilo ni halali na silalamikii neno lake hata moja. Daftari likafunguliwa, mstari wa wino mwekundu ukapita juu ya maneno yangu, na chini ya vikosi vyote kikaongezwa kichwa kipya: Majini. Chini yake likakaa jina moja.

Nilikwenda Ipuli kumsomea. Nilibisha mlango wa omo, akanikaribisha kiti. Nikamwambia yote, pamoja na ile miaka mitatu na ile barua ndani ya meza. Alisikiliza na kofia mkononi.

"Miaka mitatu," akasema.

"Miaka mitatu. Nakuomba radhi."

"Soma tena hapo chini ya Majini."

Nikasoma.

"Na humo niko na nani?"

"Peke yako. Daftari ni la wilaya hii, na wilaya hii haikutoa mwingine."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akazungumza habari za wenzake, na ndipo nilipoelewa kwa nini hakuwahi kufanya hivyo. Walikuwa watu wa Tanga, wa Mafia, wa Lindi, mpishi wao alikuwa Mngazija. Alfajiri moja yeye aliachwa nchi kavu kwa kuwa shavu lilikuwa limevimba na daktari alitaka kumng'oa jino. Chombo kilitoka bila yeye. Alikuwa bado ametia pamba mdomoni alipousikia mlio. Njia ile walikuwa wameifagia jana yake.

"Meli ya watu ilikuwa nyuma yao," akasema. "Kubwa, imejaa. Ilipita salama mchana wake. Bomu lilikuwa limekwisha lipuka chini yao."

"Meli ilijua?"

"Itajuaje? Mtoaji ishara alikuwa kwa daktari wa meno."

Aliniuliza kama wale wenzake wameandikwa mahali. Nikajibu kwamba bila shaka wameandikwa pwani, kila mtu kwao. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea jibu la ofisi, akanisindikiza hadi njiani.

Mwaka huo, siku ya kumbukumbu, nilimwona kwa mara ya mwisho. Muda si mrefu baadaye nilihamishiwa wilaya nyingine, na niliporudi hakuwa hai, naye fundi alikwisha kumchekea kaburini kama inavyopasa.

Asubuhi ilikuwa ya mawingu. Utaratibu ulikuwa kwamba kila kikosi kikiitwa, mkubwa wake hupiga hatua mbele na kutaja idadi ya watu wake na waliofika, nami nikiwa nimekaa karibu na Bwana Shauri niandike katika fomu ya mahudhurio. Batalioni zikaitwa moja baada ya nyingine. Kisha kikaitwa kichwa kipya.

"Majini!"

Baharia alitoka kando ya uzio. Alivuka uwanja mzima peke yake, bila haraka, akasimama mahali palipoachwa mbele kwa ajili yake. Mahali penyewe palikuwa padogo, lakini yeye hakukaa katikati. Alisimama ukingoni kabisa mwa kushoto, na nafasi yote ya kulia kwake ikabaki wazi. Watu kwenye uzio walianza kuguna. Sikumsikia fundi akitania.

"Idadi?" akauliza Bwana Shauri.

"Kumi na mmoja, bwana."

Bwana Shauri akainama kutazama daftari lililokuwa magotini mwangu. "Daftari lina mtu mmoja."

"Hilo ni la Tabora, bwana. Mimi natoa idadi ya chombo."

"Waliofika?"

"Mmoja. Kumi hawakurudi kazini."

Bwana Shauri alinigeukia mimi na kungoja, kwani fomu ilikuwa yangu na sahihi chini yake ingekuwa yangu, na nilikuwa na karipio moja tayari. Baharia naye alikuwa akinitazama mkono, kama alivyoutazama siku ile barazani.

Nikaandika kama alivyosema. Kumi na mmoja. Mmoja. Kisha nikamsomea kwa sauti nilichoandika, ili asikie yeye na uwanja mzima usikie, naye akapiga saluti akielekea ile nafasi iliyo wazi.